Choo cha Freya

Jumatatu, 8 Januari
Mbwa wangu Otto kaharisha tena, juu ya zulia la marehemu mke wangu Ardis. Mbavu zake zaonekana. Nimempeleka kwa daktari wa wanyama, mama Lindqvist. Kauliza mbwa anakula nini. Chakula cha mbwa, nikasema. Papo hapo Otto akacheua, chumba kizima kikanuka soseji.
Daktari anataka choo chake kipimwe. Utumboni mna vijidudu vyema na vibaya, asema, na vibaya vikizidi, soseji basi.
Basi! Tangu Ardis afariki, Otto ndiye ninayekula naye soseji asubuhi.

Jumanne, 9 Januari
Jirani yangu Gunnar kajisifu tena ng'ambo ya uzio. Eti daktari kakisifia choo cha Freya, mbwa wake jike. Kigumu, safi, cha mfano. Mtu mzima kuringia mavi!
Lakini wazo likanijia. Freya hujisaidia karibu na uzio wangu. Nikaruka uzio na kikopo cha maabara alichonipa daktari. Choo kimeganda na theluji, ikabidi nikibandue kwa patasi. Gunnar akachungulia dirishani. Nikamwambia natafuta funguo.
Nimeandika OTTO, DUME juu ya kikopo. Nimekabidhi.

Ijumaa, 12 Januari
Ushindi! Utumbo wa Otto hauna kasoro. Daktari kashangaa, kasema basi tuendelee na chakula kilekile.
Nikakaanga soseji nne. Otto hakugusa. Kalaza kichwa juu ya kiatu changu, akanitazama tu. Zimepoa. Hata mimi sikuzila.

Jumatatu, 15 Januari
Otto kashindwa kusimama. Nimembeba hadi kwa daktari, mwepesi kama mto wa kulalia. Nilikuwa tayari kusema yote. Daktari kanitangulia.
“Bwana Merle, maabara wamepiga simu. Vinasaba vinasema Otto ni jike.”
Nikatazama viatu vyangu. Hakunigombeza, na hilo liliuma zaidi. Kamtundikia Otto maji, kisha kaeleza tiba: kinyesi cha mbwa mwenye afya kitiwe utumboni mwake, vijidudu vyema viote upya. Nikauliza mbwa gani. Akasema namjua.
Nikaenda kwa Gunnar, kofia mkononi. Nikamweleza yote, na patasi. Akachukua kamba ya Freya.
“Ungebisha hodi tu, jirani,” akasema. “Ningekupa cha moto.”

Jumamosi, 27 Januari
Otto anakimbia! Wali na kuku wa kuchemsha, anaramba bakuli. Leo kamfukuza Freya kuzunguka uwanja mzima, mimi na Gunnar tukicheka kama watoto.
Daktari kafurahi. Ila kasema mtu na mbwa wa nyumba moja huambukizana vijidudu, na tumbo langu analisikia likinguruma toka mlangoni. Kampigia daktari wangu. Sasa nami natakiwa nipeleke choo. Kikiwa kibaya, nitakula wali na kuku mpaka majira ya kuchipua.
Nimewaza. Nimechungulia uwanjani. Otto katoa kitu kigumu, safi, cha mfano.
Nimeandika MERLE juu ya kikopo. Mimi na Otto sote madume. Safari hii maabara hawanipati.