Sikio Moja, Kizibo Kimoja

Kila asubuhi, kabla mkubwa yeyote hajaingia ofisini, karani wa Idara ya Wanyama Wakubwa alifanya kazi tatu kwa mpangilio usiobadilika. Alisogeza tarehe kwenye muhuri. Alichonga penseli za wakubwa ambao hawakuwa wakiandika. Kisha alimwagilia maji ua la dirishani, ambalo lilikuwa la plastiki, lakini katika daftari la mali lilikuwa limeorodheshwa chini ya viumbe hai, na hapakuwa na mtu mwenye cheo cha kulihamisha.

Siku hiyo kopo la maji lilikuwa bado mkononi mwake tarishi alipoingia bila kubisha na kubandika ukutani Waraka Namba Tisa. Ulianza hivi: "Baada ya utafiti wa kina na wa muda mrefu, Idara imetambua rasmi kwamba wawindaji wake wana masikio."

Karani aliisoma sentensi hiyo mara mbili, na maji ya ua yakamwagikia viatu vyake. Alikuwa na sababu. Mwindaji mkuu wa Idara, yule aliyetumwa kila nyati mkorofi alipoanza kujeruhi watu mashambani, alikuwa baba yake mzazi. Masikio hayo yaliyotambuliwa leo, mzee alikuwa ameyaombea vikinga kwa barua kumi na moja. Zote zilirudi na muhuri wa "Imepokelewa". Binti aliijua idadi kwa kuwa yeye ndiye aliyezigonga.

Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kwenda. Mtu anayelenga kwa mkono wa kulia, sikio lake la kushoto ndilo linaloelekea kwenye mdomo wa bunduki, na bunduki ya kuangushia nyati haijui kusema kwa upole. La kulia nalo lilikuwa limeanza kufunga virago. Tena binti mwenyewe alijaliwa sauti ndogo, ndogo kiasi kwamba ofisini walimwita Sisimizi, na waliompigia simu walikata wakidhani hakuna mtu. Jana yake tu, wakiwa mezani, alikuwa amemwinamia baba yake sikio la kulia akamsihi asiende tena porini mpaka apate vikinga. Mzee alimtazama kwa upendo, akaitikia kwa kichwa na kusema, "Ndiyo mwanangu, chumvi imekolea."

Waraka uliunda Kamati ya Kuteua Vikinga Masikio vya Uwindaji wa Wanyama Wakubwa. Mwenyekiti wake alikuwa mkuu wa Idara, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga porini lakini ukutani kwake palining'inia kichwa cha nyati, hivyo alihesabiwa kuwa na uzoefu. Mjumbe wa pili alikuwa Afisa Ugavi, kijana wa tai nyembamba aliyeogopa kusaini chochote kabla ya mwingine. Wa tatu alikuwa Mama wa Masjala, aliyelinda mafaili kwa miaka ishirini na sita na ambaye katika dunia hii alimwogopa mchwa peke yake. Karani aliteuliwa kuandika muhtasari. Hakuwa na haki ya kusema kikaoni, haki ambayo hata angepewa asingejua aiweke wapi.

Kikao cha kwanza kilimwita mtaalamu, yaani baba yake karani. Mzee aliketi kiti cha mwisho, kofia magotini, akasema alilokuja kulisema.

"Nyati akikuvizia kichakani hapigi kelele. Anapumua tu. Ukiziba masikio kabisa, humsikii, unashtukia amekufikia. Usipoziba, bunduki inakumaliza kidogo kidogo. Mimi nataka kitu kinachoruhusu pumzi kupita na kuzuia mshindo."

Mwenyekiti aliagiza iandikwe. Karani akaandika: "Mtaalamu aliieleza Kamati kwamba nyati hupumua. Taarifa ilipokelewa."

Ndipo Afisa Ugavi alipoibua suala la kisheria. Je, mtumishi mwenye sikio moja linalofanya kazi anastahili vizibo viwili? Kamati ililijadili kwa uzito unaostahili. Mwenyekiti alikumbusha kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kama halisikii dawa, halina haja na kizibo. Ikapitishwa kuwa mwindaji atapewa kizibo kimoja, na cha pili kitawekwa stoo kikimsubiri mtumishi aliyepoteza sikio la upande mwingine, ili wawili hao wahesabike kuwa mwindaji mmoja kamili. Mzee, ambaye hakuwa amesikia hata neno moja, alishukuru kwa heshima zote na kuondoka.

Kikao cha pili kilikuwa cha majaribio. Bunduki haikupatikana, kwa kuwa kibali cha kuitoa ghalani kilihitaji sahihi ya Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa kwenye majaribio. Badala yake walitumia droo ya kabati la chuma, ambayo Mama wa Masjala aliisukuma kwa nyonga. Sampuli zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa pamba, fungu moja. Ya pili ilikuwa vizibo vya sponji vya rangi ya chungwa, ambavyo Afisa Ugavi alikataa kuvijaribu mpaka apate maelekezo kwa maandishi ya namna ya kuvitoa. Ya tatu ilikuwa kikinga cha betri, cha kufunika masikio yote mawili, kilicholetwa kimoja tu na kampuni moja iliyokuwa ikitafuta zabuni. Karatasi yake ilisema kinakuza sauti ndogo na kuzima sauti kubwa. Karani aliisoma karatasi hiyo, akairudia. Ni kama iliandikwa na baba yake.

Mwenyekiti alikivaa, akawasha. Droo ikagongwa. Hakupepesa jicho. Mama wa Masjala, akidhani Mwenyekiti hasikii kitu, kama mtu aliyejifunika blanketi, alimnong'oneza Afisa Ugavi kwamba mkubwa leo anafanana na chura aliyebanwa na sufuria mbili.

Mwenyekiti akapepesa.

Alikaa nacho kichwani muda mrefu, amejiinamia kama mtu anayesali. Kisha akatangaza kwamba hakusikia kitu, kwamba kifaa ni kibovu, na kwa mujibu wa kanuni kifaa kibovu hubaki chini ya ulinzi wa Mwenyekiti mpaka kiteketezwe. Kuhusu njia ya ulinzi, alionelea iliyo salama kuliko zote ni kukivaa.

Basi akawa anakivaa. Alikivaa ofisini, koridoni, na kwenye foleni ya chai. Watumishi walipoona mkubwa kajifunika masikio walifurahi kama wanafunzi waliosahauliwa na mwalimu. Walimsema mbele yake, walimsema nyuma yake, mmoja alimsema huku akimfungulia mlango. Kesho yake barua zikaanza kutoka. Mpishi wa chai alionywa kwa lugha isiyofaa ya saa nne na dakika kumi. Dereva alihamishiwa ghala la pembe kwa maoni aliyoyatoa kwenye ngazi, peke yake. Ikavuma kwamba mkubwa amepata jini. Mama wa Masjala hakuamini habari za jini, lakini alianza kula karanga kimyakimya.

Karani ndiye aliyechapa barua zote hizo, na mwenye kuchapa saa na dakika ya kila mnong'ono hachelewi kuunganisha mambo. Kifaa kilikuwa kizima. Kile alichokiomba baba yake kwa barua kumi na moja kilikuwa kinatembea koridoni juu ya kichwa cha mtu asiyewinda chochote zaidi ya umbea. Lakini amwambie nani? Kila alipofungua mdomo, watu waliendelea na mazungumzo yao.

Jumatatu ikaja taarifa ya nyati aliyewajeruhi wakulima wawili. Mwindaji mkuu angekwenda Alhamisi asubuhi. Jumanne wakati wa chakula cha mchana, baba alikuwa uani akijaribu pamba. Aliliziba sikio lake la kulia, akamgeuzia binti mgongo, akamwambia amjie polepole. Binti alitembea juu ya majani makavu mpaka akamgusa bega. Mzee aliruka, kisha akacheka ili mtoto asiogope. Mtoto aliogopa.

Kikao cha mwisho kilifanyika Jumatano saa nne. Mwenyekiti alifika na kifaa kichwani, akasoma mapendekezo yake. Aliisifu pamba. Alisema ni rafiki wa mwanadamu, haina betri, haina siasa, na viongozi wa ngazi zote wameitumia masikioni kwa miaka mingi bila malalamiko yoyote kuwafikia. Wajumbe wakaitikia. Afisa Ugavi aliuliza kama kuna aliyekwisha kusaini.

Karani alikuwa na mazoea ya kutamka anachoandika, si kwa sauti ya kusikika, kwa pumzi ya midomo tu, kama mtu anayehesabu mishono. Akaandika na kutamka kwamba akidi imetimia, wajumbe wanne.

"Watatu," alisema Mwenyekiti bila kuinua macho. "Karani si mjumbe."

Hakuna aliyejali. Wajumbe wamezoea wakubwa kusahihisha yasiyosemwa. Lakini karani alisimamisha penseli. Afisa Ugavi alikuwa amekaa naye kiwiko kwa kiwiko na hakuwa amesikia kitu. Katika chumba kile, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kulikuwa na mtu anayemsikia kila neno.

Akainama tena juu ya karatasi, akaandika polepole, midomo ikienda pamoja na penseli. "Mwenyekiti alisinzia kuanzia saa nne na robo."

Mwenyekiti alijikuna shingo.

Akaandika kwamba alikoroma kidogo. Mwenyekiti akakohoa. Akaandika kwamba Mwenyekiti amewapitishia wawindaji pamba ilhali yeye mwenyewe hajawahi kuwinda hata panya, na kichwa kilichoko ukutani alikikuta alipohamia.

"Nimewinda," alisema Mwenyekiti. "Nyati wawili."

Mama wa Masjala aliweka karanga chini, akasema kwa upole, "Nani kauliza, mzee?"

"Huyu hapa. Kasema sijawahi kuwinda hata panya."

Wote wakamgeukia karani, aliyekuwa amekaa kimya kama daftari. Afisa Ugavi aliapa kwamba binti hajafungua mdomo, na kwamba yuko tayari kusaini, jambo lililowashtua wote zaidi. Mwenyekiti akasema karani amenong'ona, na yeye amemsikia sawasawa, kila neno. Alipofika kwenye "kila neno", sauti yake ikapungua yenyewe, kama gari lililoishiwa mafuta mlimani.

Mama wa Masjala aliinuka. Alikwenda mpaka pembe ya mwisho ya chumba, akawapa wote mgongo, akauelekea ukuta, na akasema kitu ambacho wengine hawakukisikia.

Masikio ya Mwenyekiti yalikuwa yamefunikwa, hivyo hayakuonekana kama yamekuwa mekundu. Ila mashavu yalionekana.

"Sawa," alisema Mama wa Masjala akirudi kwenye kiti. "Jini tumelipata. Lina betri."

Kwa kuwa kikao kilikuwa bado hakijafungwa, mambo yaliendeshwa kwa utaratibu. Mama wa Masjala alitoa hoja. Kwa kuwa Mwenyekiti ameieleza Kamati kuwa ana uzoefu wa nyati wawili, na kwa kuwa yeye mwenyewe ameithibitisha pamba kuwa inatosha, basi kesho aongoze msafara mbele ya mwindaji mkuu, akiwa na pamba. Mwenyekiti alianza kueleza kwamba cheo chake hakiruhusu.

"Sikio halipiti kichwa, mzee," alisema Mama wa Masjala. "Kichwa kitangulie."

Afisa Ugavi aliunga mkono kabla hajaulizwa. Hoja ikapita, wawili dhidi ya mmoja, na karani akaiandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuuandika.

Mwenyekiti alivua kifaa kichwani, akakiweka mezani taratibu kama mtu anayetua yai. Nywele zake zilikuwa zimelala pande mbili. Alimwinamia karani, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba maji nyumba ya wenyewe. Alisema muhtasari haujagongwa muhuri bado. Alisema nyati wawili ni neno dogo tu, kifutio kinatosha, na wao ni watu wa ofisi moja.

"Kwani unataka nini hasa, binti? Sema tu. Nong'ona."

Mama wa Masjala na Afisa Ugavi walisogeza viti mbele wapate kusikia. Karani alitazama kifaa, akatazama penseli yake. Alikuwa na maneno ya kiofisi tayari, kwa heshima na taadhima, kwa kupitia kwako Mheshimiwa. Akayaacha yote hapo kwenye karatasi. Akasimama, akakichukua kifaa kwa mikono miwili, na aliposema, tarishi aliyekuwa mwisho wa koridoni alisimama akidhani ameitwa.

"Nyati sifuti, mzee. Na hiki ni cha baba yangu. Kesho nataka amsikie nyati akipumua, na akirudi nyumbani nataka anisikie mimi."