Kompyuta ya Tanuri na Dirisha la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Imefika! Sanduku la mbao, zito ajabu. Wapakuzi wamelitua mlangoni mwa chumba cha mitambo wakanikodolea macho, utadhani mimi ndiye niliyelijaza mawe. Ndani, kompyuta. Si hizi za ofisini za kufutwafutwa kwa kitambaa. Hii ni ya kiwandani: bapa, pana, chuma kitupu, mishikio miwili mbele, na kimlango chenye kufuli. Kompyuta yenye ufunguo! Ufunguo nimeutia mfukoni papo hapo.

Kazi yake ni kuendesha matanuri yetu ya biskuti, moto pamoja na mkanda unaobeba trei. Ya zamani imechoka, hujizima bila kuaga. Bosi katuita wawili, mimi na Shemeji. Kasema msimamizi wa chumba anastaafu mwisho wa mwezi. Atakayeisimamisha kompyuta hii, akaipanua ibebe na tanuri la pili, na ikafanya kazi Ijumaa mbele ya wanunuzi, kiti ni chake.

Kiti! Kinazunguka. Kiko dirishani, feni juu yake. Mimi miaka yote hii nakalia ndoo iliyopinduliwa, chini ya bomba la mvuke linalonidondokea shingoni.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Fundi umeme kama mimi, ila mama yake humwita Injinia, na hakuna anayethubutu kumrekebisha. Mtu wa taratibu mno. Hunawa mikono kabla ya kushika bisibisi. Basi alipokwenda kunawa, nikafungua kifuniko. Nisingeweza kungoja, nilikuwa nawashwa vidole! Jamani, humo ndani! Feni mbele, vyuma vimepangwa kwa nidhamu, kadi ya umeme inayoendesha tanuri la kwanza imesimama wima, na kando yake nafasi tupu zinangoja wenzake. Juu ya yote, ufito mmoja wa chuma umekatiza toka upande huu hadi ule, una vimiguu vya mpira vinavyoikanyaga kadi. Nikajiuliza huu wa nini. Nikajijibu: wa safari. Ni wa kuzuia vitu visitikisike njiani. Safari imekwisha. Nikaufungua, nikaufunga kwenye koti, kifuniko nikakirudisha. Shemeji karudi na mikono yake safi, hana habari.

Nyumbani mama mkwe kaniona nao. Dirisha la chumba chake hujibamiza kila upepo ukivuma na kumkatiza usingizi wa mchana. Kaupima kwa macho, kaunyakua, kaupachika. Dirisha limetulia tuli! Kasema kumbe mkwe wake ana akili ya mikono. Tangu nimwoe binti yake, hilo ndilo neno jema la kwanza. Nimemwomba mke wangu alirudie, nihakikishe sikusikia vibaya.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimechelewa kazini. Nilikuwa mbele ya kioo nafanya mazoezi ya kuzunguka na kiti. Nilipofika, Shemeji alikwisha kuingiza mikono ndani ya kabati la chuma na kufunga vitu fulani kushoto na kulia. Sikuuliza ni vitu gani. Msimamizi mtarajiwa haulizi ovyo. Tukainyanyua kompyuta wawili, mishipa ya shingo imetutoka, tukaielekeza kabatini. Ikateleza yenyewe mpaka mwisho kama droo! Nikaivuta nje. Nikairudisha. Nje, ndani. Nje, ndani. Shemeji kaniomba, kwa upole unaoudhi, niache.

Tumeiwasha. Nikaweka kiganja mbele ya kimlango: inavuta hewa. Nikazunguka nyuma: inatoa hewa ya moto. Kumbe inapumua! Bosi kaingia akanikuta nimeegemeza shavu mgongoni mwa mashine, macho nimefumba. Nimemwambia napima joto.

Imefanya kazi siku nzima bila kukohoa. Kimya kitamu pia, maana ile mashine kubwa ya kukanda unga, iliyo nyuma tu ya ukuta wetu, leo ilikuwa inasafishwa. Nimekijaribu kiti kidogo, mzee msimamizi alipotoka. Kinalia kidogo upande wa kushoto. Kitahitaji mafuta.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ya kupanua. Kadi ya tanuri la pili imefika ndani ya mfuko wa fedhafedha. Shemeji kasema aifunge yeye. Nikajipapasa mifuko mbele yake kwa muda, nikaguna kwamba ufunguo sijui nimeuacha wapi. Kaenda kuutafuta stoo. Nikafungua! Nikatoa kibati cha nyuma, nikaikandamiza kadi kwenye nafasi yake, ikaingia kwa mlio mmoja mtamu ambao nimeukumbuka mchana kutwa. Matanuri yote mawili yakaonekana kwenye kioo cha kompyuta, moja kijani, jingine kijani. Nikamwita Bosi. Kanipiga begani. Bega lenyewe bado nalisikia.

Kisha watu wakarudi kutoka chai. Shemeji kaingia, kafunga mlango, kavuka chumba kwa viatu vyake vizito. Kioo, puu! Tanuri la pili limepotea, mkanda umesimama, trei nzima ya biskuti imeungua hadi ikawa nyeusi tititi. Nikaisukuma kadi, ikarudi. Punde Shemeji kapita tena kuchukua koleo. Puu! Likapotea na la kwanza.

Nimeshaelewa. Ni yeye. Hagusi kitu, lakini akiingia tu, kompyuta inazimia. Sijui anafanyaje na nataka sana kujua. Viatu? Sumaku mfukoni? Nimemwomba kwa adabu anionyeshe nyayo za viatu vyake. Kakataa! Asiye na hatia angekataa kwa nini?

Nyumbani mama mkwe kanipakulia mimi kwanza. Kamweleza jirani, nasikia kwa masikio yangu, kwamba zawadi zote alizowahi kupewa zilikuwa za kuvaa au za kula, hakuna aliyewahi kuwaza usingizi wake. Sikumkosoa. Nilikaa wima zaidi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mtego. Nimefika mapema, nikajifungia ndani na kompyuta, kitasa nikakitia kiti kwa ndani. Shemeji kagonga. Nimemjibu kwamba ni vipimo nyeti. Kagonga tena. Nikajitia hamnazo.

Nikaweka glasi ya maji juu ya kabati. Nikakaa mbele yake, sikupepesa. Maji yametulia. Matanuri kijani. Shemeji nje, kompyuta nzima: nilikuwa tayari nimeshaanza kutunga maneno ya kumshtaki kwa Bosi. Basi wenzetu wakarudi kutoka chai, na nyuma ya ukuta mashine ya kukanda unga ikaanza kunguruma. Maji yakaanza kucheza. Duara ndani ya duara, mazuri hasa, nikayatazama nikajisahau. Puu!

Lo! Na Shemeji yuko nje!

Nimefungua kifuniko. Kadi zote mbili zimeinuka, zimejinyanyua kutoka kwenye nafasi zake kama meno ya mtoto yanayotikisika. Nikazisukuma, nikazitazama. Mashine ikinguruma, zinapanda. Kidogo, kidogo, kidogo. Sijawahi kuona jambo la kupendeza namna hii! Ni mtikisiko! Nimegundua mwenyewe, kwa glasi ya maji tu! Viatu vya Shemeji havihusiki, ingawa bado sivipendi.

Kwa hiyo kinatakiwa kitu cha kuzikandamiza kadi kutoka juu. Kitu kigumu lakini kisichozikwaruza. Nikawaza kweli. Mtengenezaji wa kompyuta hii hakuliwaza jambo hili hata kidogo, nimemshangaa. Nikajaribu gazeti lililokunjwa: linalegea. Kipande cha mbao: kinene mno. Nikakaa kwenye ndoo yangu, nikachukua biskuti ya tangawizi nijiliwaze, nikaiuma, ikagoma. Nikaitazama. Ngumu. Bapa. Nikaipachika kati ya kadi na kifuniko. Imekaa sawasawa, utadhani ilipimwa! Moja kwa kila kadi. Nikafunga kwa ufunguo.

Mashine imekanda unga jioni nzima. Kijani, kijani! Bosi kauliza nimefanyaje. Nimemjibu ni ufundi wa ndani.

Shemeji kapita nyumbani kumsalimia mama yake. Kasimama mbele ya dirisha, kautazama ufito wangu kwa muda mrefu, kavigusa vile vimiguu vya mpira, kauliza umetoka wapi. Mama mkwe kamjibu kwa kuringa kwamba mkwe wake kauleta, na yeye Injinia ameleta nini? Nilikuwa nyuma ya pazia. Nimekula matonge matatu zaidi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Aibu. Aibu tupu. Naandika kwa sababu mke wangu hataki nimsimulie tena.

Wanunuzi walikuja watatu, suti nyeusi. Bosi akawaleta chumbani kwetu kwanza, akaeleza habari ya matanuri mawili kuendeshwa na mashine moja, mimi nimesimama kando ya kabati kifua mbele. Mmoja akanusa. Akasema chumba hiki kinanukia vizuri, tangawizi inaoka wapi? Bosi akanusa. Akasema labda ni upepo. Shemeji akanusa, akasogea kwenye kabati, akaegemeza pua nyuma ya kompyuta, pale pale nilipoegemeza shavu mimi.

Hapo mashine ya kukanda unga ikaanza. Nikasikia kitu kikisagika. Nikakohoa ili kisisikike. Feni ikaanza kukwaruza, kr kr kr, halafu fuuu! Makombo yakatoka nyuma ya kabati kama pumba, yote usoni kwa Shemeji, na yaliyobaki kwenye suti ya mnunuzi mkubwa. Puu! Kioo cheusi. Mikanda yote miwili imesimama. Ng'ambo ya ukuta watu wakapiga kelele kwamba trei zinaungua.

Bosi akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa ufunguo. Shemeji akajifuta macho, akanawa mikono (akanawa! moshi unaingia!), akafungua, akatoa nusu biskuti kwa vidole viwili na kuiweka mezani mbele ya wote. Kisha akachungulia, akaonyesha matundu ya skrubu, moja huku, moja kule, matupu. Akasema hapa palikuwa na kitu cha kukatiza. Kirefu, cha chuma, chenye vimiguu vya mpira vya kuzikanyaga kadi. Akanigeukia taratibu. Akasema, kama kile cha dirisha la Mama.

Damu ilinishuka mpaka kwenye soksi. Bosi aliuliza Mama nani.

Nimekimbia nyumbani. Si mbali, lakini nilikuwa sijakimbia tangu harusi. Mama mkwe alikuwa kajilaza, dirisha wazi, upepo mzuri unaingia. Nikamwambia nauazima kidogo tu. Kauliza kwani si wangu? Nikashindwa kusema uongo, sijui kwa nini leo. Nikamwambia ni wa kompyuta. Kaamka, kauchomoa mwenyewe, kaufuta vumbi kwa kanga, kanipa kwa mikono miwili. Angenitukana ningefurahi. Nikiwa mlangoni nikasikia dirisha likijibamiza nyuma yangu.

Shemeji kaufunga. Mashine ikanguruma, kadi hazikusogea hata unywele. Wanunuzi wameagiza, tena nyingi, na biskuti za tangawizi hasa. Nilimkumbusha Bosi kwamba harufu ile ilikuwa yangu. Bosi kamkabidhi Shemeji kiti.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siko sawa. Mama mkwe kanipakulia wa mwisho. Dirisha limejibamiza tangu asubuhi, na kila likijibamiza ananitazama. Nimejaribu kuliegemezea kijiti. Kimevunjika. Nikalifunga kwa kamba. Imekatika.

Shemeji kapita. Hakunicheka, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kaniambia Jumatatu inakuja kompyuta ya pili, ya ukumbi wa kufungashia, na amemwomba Bosi niwe msaidizi wake, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angekaa kutazama glasi ya maji asubuhi nzima. Kasema mtikisiko niliugundua mimi, hilo halina ubishi. Ombi lake ni moja: nisitoe kitu chochote kilichomo ndani. Nimeapa mbele ya mama yake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Imefika ya pili! Nzuri kuliko ile! Shemeji alipokwenda kunawa, nimefungua kifuniko na kutazama tu, mikono nyuma. Ufito upo, na vimiguu vyake. Nimeupigia saluti. Sikugusa skrubu hata moja. Kiapo ni kiapo. Nimefunga kifuniko.

Ila chini ya sanduku, nje kabisa ya kompyuta, ndani ya mfuko wao peke yao, palikuwa na vyuma viwili virefu vyembamba vilivyopakwa grisi. Kila kimoja unakivuta kinarefuka, unakisukuma kinafupika. Nimevicheza mpaka mikono ikawa myeusi. Vya nini? Havikuwa ndani, kwa hiyo havimo kwenye kiapo. Bila shaka ni vya kulikaza sanduku njiani. Safari imekwisha.

Nimevileta nyumbani kwenye koti. Vimekaa dirishani kana kwamba viliagizwa, kimoja kila upande, na sasa Mama anaweza kulifungua robo, nusu au lote, apendavyo! Kalifungua. Kalifunga. Kalifungua tena. Machozi yamemlenga. Kaniita mwanangu, na leo nimepakuliwa wa kwanza, nyama juu.

Kesho asubuhi tunaipandisha kompyuta kabatini, Bosi atakuwepo kutazama. Shemeji kanihakikishia kwamba nayo itateleza yenyewe kama droo. Sijawahi kuelewa ile ya kwanza ilitelezaje. Safari hii nitasimama karibu kabisa, nione.