Bwana Harusi wa Kila Adhuhuri

Mahjoub wa Marrakesh aliwahi kumuuzia Mfaransa kokoto za jangwa la Agafay akimwapia kuwa ni mayai ya nyoka yaliyogeuka mawe, na Mfaransa akarudi kesho yake kutaka mengine ya kumpelekea shemeji yake. Mtu wa namna hiyo hafi njaa. Lakini mwaka ule hata Mahjoub alikuwa amebanwa. Alikuwa na pikipiki nne za magurudumu manne, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, hazidaiwi na mtu, na zilikuwa zimekaa bandani zinashika vumbi.

Kosa halikuwa lake. Uwanja mzima wa Jamaa el-Fna ulikuwa ukiuza kitu kilekile: nusu siku jangwani kwa pikipiki, kiongozi yupo, chakula cha kienyeji kimo. Wauza maji ya machungwa waliuza safari hiyo. Mchezesha nyoka naye aliiuza, nyoka akiwa bado shingoni. Na jangwa lenyewe, tuseme ukweli, halina mchanga. Ni mawe na vilima vya rangi ya mkate mkavu, na mgeni aliyeota matuta ya mchanga hufika pale akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Bahati ilimjia siku aliyowapeleka Waitalia wawili, mtu na mkewe. Pikipiki moja ilizimika karibu na kijiji, na kijijini kulikuwa na posa. Waitalia wakasikia ngoma. Wakaacha pikipiki, wakaacha kiongozi, wakaparamia ukuta wa watu bila haya. Nusu saa baadaye yule mama wa Kiitalia alikuwa analia machozi ya furaha, anavua herini zake na kumvisha bi harusi asiyemjua hata kwa jina.

Mahjoub alizitazama zile herini zikitoka masikioni. Hakuna aliyeziomba! Akasahau kabisa kutengeneza pikipiki.

Kesho yake alibisha hodi kwa Lalla Rkia, yaani Bibi Rkia, mjane mwenye nyumba ya pembezoni mwa kijiji hichohicho, mpishi hodari, mama wa binti mmoja aitwaye Tamou.

"Umekuja kumposa binti yangu?" mama akauliza, macho yakimmeremeta.

"Hapana, Lalla. Nimekuja kuigiza kumposa. Kila siku, saa sita mchana, wageni wakiwepo."

"Na kila siku mtaachana?"

"Kila siku, alasiri, kwa amani kabisa."

Tamou alikuwa anakuna karoti. Hakuinua kichwa. "Na zawadi za wageni zinakwenda wapi?"

"Zawadi ni zako, dada yangu! Nakuwekea mimi mwenyewe. Msimu ukiisha nakukabidhi zote."

"Mh," alisema Tamou, akaendelea na karoti zake.

Akahitajika mzee wa kusoma dua. Akapatikana Ba Lahcen, mjomba wa Lalla Rkia, aliyekuwa kondakta wa basi la Casablanca kabla ya magoti kumshinda. Hapa lazima tumpe Mahjoub haki yake. Alikuwa tapeli, lakini tapeli mwenye mipaka. Huku kwetu watu wakiinua mikono mbele ya mashahidi, Fatiha ikasomwa, basi posa imepita, neno limetoka, hakuna cha utani tena. Alilijua hilo vizuri na alimwonya mzee mara kadhaa.

"Usisome Fatiha, Ba Lahcen. Mungu simchezei. Soma kitu kingine kwa sauti ya chini, kwa mahadhi."

"Kitu gani?"

"Chochote unachokijua kwa moyo."

Mzee akasoma alichokijua kwa moyo. Alifumba macho, akainua mikono, akaghani kwa unyenyekevu: "Marrakeeesh... Sidi Bu Othmaaan... Ben Geriiir... Settaaat..." kituo baada ya kituo, mpaka alipofika Casablanca, na wageni wote wakaitikia amin kwa uchungu.

Mchezo ukaenda hivi. Mahjoub aliwazungusha wageni kilima kimoja mara tatu kutoka pande tofauti, nao wakasifu jinsi jangwa linavyobadilika. Kisha akasimamisha msafara, akavua miwani ya vumbi, akajifuta jicho.

"Ndugu zangu, nisameheni. Leo ni siku yangu ya posa. Mchumba wangu ananingoja nyuma ya kilima hiki. Pikipiki ni zangu, lakini nyinyi ni wateja wa ofisi, na mkubwa wa ofisi amekataa niahirishe safari. Mkatili yule! Hana hata chembe ya huruma."

Mkubwa wa ofisi alikuwa yeye, na ofisi ilikuwa mfuko wa koti lake. Lakini wageni waliwaka. Mtalii ni kiumbe anayelipa fedha nyingi ili asifanane na mtalii, na hapa alikuwa anapewa nafasi ya kuokoa ndoa ya watu. Walimsukuma wenyewe: twende, twende upesi!

Hemani, nje ya nyumba ya Lalla Rkia, kulikuwa na chai ya nanaa, chungu cha kuku aliyezidiwa na karoti, na Tamou ndani ya shela la kukodi. Mahjoub alisimama akatamka mahari kwa sauti ya kuvunjika: "Sina kitu kingine duniani. Nampa pikipiki zangu zote nne." Hapo akina mama wa Kizungu walikuwa hawajiwezi tena. Zilivuliwa saa, bangili, mikufu, bahasha zikatoka mikobani. Na Mahjoub, kwa niaba ya bi harusi, aliweka kila kitu ofisini.

Msimu ulipokolea, Tamou alimkuta Mahjoub anahesabu kofia ngumu za pikipiki.

"Bwana Mahjoub, zile zawadi?"

"Zipo, zipo. Zimepumzika."

"Nami nikizihitaji?"

"Bi harusi mwenye haraka huyo! Subiri kidogo."

Alimpigapiga begani kirafiki, akaondoka akipiga mluzi. Laiti angegeuka nyuma angemwona Tamou amekaa juu ya pikipiki ya kwanza, mikono imeshika usukani, amekunja uso kama mtu anayepanga safari ndefu.

Ikaja siku ya Gaspard. Huyu alikuwa muuza majokofu wa Ubelgiji, kifua wazi, amefuatana na mkewe Odile. Alisema tangu uwanjani kwamba yeye hataki vitu vya watalii. Alitaka kitu ambacho jirani yake hajakiona na hatakiona.

"Bwana mkubwa," Mahjoub akamwambia, "ungekuja kesho ungekosa."

Siku hiyo alilia vizuri kuliko siku zote pale kilimani. Gaspard alimkumbatia mpaka kofia zao ngumu zikagongana.

Walipofika hemani, Mahjoub aliona mambo yameongezeka. Wazee wa kijiji walikuwa wameketi safu nzima, majelaba yao, kanzu zenye kofia, yamepigwa pasi. Kulikuwa na mabonge ya sukari ya posa yaliyofungwa karatasi ya buluu, bakuli la maziwa, sinia la tende. Na harufu haikuwa ya kuku. Ilikuwa nyama ya kondoo na plamu kavu za zambarau, ile ya shughuli ya kweli. "Lalla Rkia ameanza kuielewa biashara," alijisemea, akajisifu kwa kumfundisha. Ba Lahcen alikuwa ameketi miongoni mwa wazee, na mahali pake pa kusomea alikaa mzee mwingine aliyejifunika kofia ya jelaba mpaka puani. Mahjoub alidhani wamebadilishana zamu.

Kwa heshima ya Gaspard akaamua kukoleza. Akapiga goti. "Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, nampa Tamou pikipiki zangu zote nne! Nampa na banda lake! Nampa na mafuta yaliyomo!"

"Umesema kwa hiari yako?" akauliza yule mzee mgeni. "Hukulazimishwa?"

Swali hilo halikuwamo mchezoni, lakini Mahjoub alilipenda. "Kwa hiari yangu, kwa ulimi wangu!"

"Tumesikia," wakaitikia wazee kwa pamoja. Odile akaanza kutafuta leso.

Mikono ikainuliwa. Mahjoub akainua yake, akafumba macho kwa unyenyekevu, akingoja Marrakesh.

"Bismillahi Rrahmani Rrahim," akaanza mzee. "Alhamdulillahi Rabbil-aalamin..."

Mahjoub alifumbua macho. Mzee alikuwa ameirudisha kofia yake nyuma. Alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji, mtu ambaye hata kuku hakuwahi kumdanganya. Mahjoub alitaka kupiga kelele kwamba ngojeni, kuna makosa. Lakini nani anakatiza Fatiha? Hata yeye hakuweza. Alibaki pale mikono juu kama mtu anayeporwa, jasho likimtiririka, akisikiliza aya moja baada ya nyingine ikimfungia mlango, na ilipofika mwisho alisikia sauti ikisema amin kwa nguvu. Ilikuwa yake.

Vigelegele vikapasuka upande wa wanawake. Na katikati ya vigelegele hivyo kulikuwa na kimoja alichokijua tangu utotoni.

"Mwanangu!" Mama yake, Lalla Ghalia, alitokea akiwa na kaftani ya kijani iliyokaa sandukuni miaka yote ikingoja siku hii, na shangazi wawili nyuma yake. Alikibusu kichwa chake kwa pupa. "Nilidhani nitakufa sijaiona! Kila mwaka mwakani, mwakani! Na ungenificha, shetani mdogo wewe, kama mama mkwe wako asingenifuata mjini!"

Analia, anacheka, anamlisha tende kwa mkono wake. Mahjoub alitafuna. Ilimpita kooni kama kokoto ya Agafay.

Alimvuta Tamou mpaka zilipoegeshwa pikipiki.

"Umenifanya nini, mwanamke?"

"Nimekufanya nini? Wewe ndiye umesema. Mimi nilikuwa kimya na shela langu."

"Ulikuwa mchezo!"

"Mchezo kwa nani?" Tamou alifunua uso, na Mahjoub aliona kwa mara ya kwanza kwamba uso huo ulikuwa na hasira ya msimu mzima. "Kwa Wabelgiji? Watu wa kijiji wana macho, Bwana Mahjoub. Kila adhuhuri naposwa, kila alasiri naachwa. Mtoto wa muuza mbao alikuwa na nia na mimi. Unajua mama yake amesema nini? Eti mimi ni yule wa pikipiki. Umeniharibia jina langu kwa chungu cha karoti, na herini zangu ukala!"

Mahjoub aliona haya, kitu alichokuwa amekisahau ladha yake.

Haya hiyo haikudumu. "Basi navunja," alisema.

"Vunja. Anayevunja posa hadai alichotoa, hata kwa kadhi ndivyo ilivyo. Pikipiki zinabaki."

"Je, nikikuoa?"

"Mahari ni mali ya mke. Pikipiki zinabaki."

"Ukivunja wewe?"

"Mimi?" Tamou akacheka. "Mimi sina haraka. Ulinifundisha kusubiri."

Mahjoub alitazama hemani. Ilibaki njia moja: kuondoka zake, kwa miguu, kupitia mawe. Lakini pale katikati ya hema Lalla Ghalia, mwenye nyonga mbovu, alikuwa anacheza. Alikuwa amemshika Gaspard mkono na anamwonyesha kwa kidole: yule pale, yule mrefu, ndiye mwanangu. Mtu ambaye hakuwahi kumwonea huruma mteja hata mmoja alijaribu kumfikiria mwanamke huyo akirudi mjini na sukari yake ya karatasi ya buluu mapajani. Akashindwa.

"Kwa nini mimi lakini?" aliuliza, sauti imeshuka. "Unajua kuwa mimi ni mwongo."

"Ndiyo maana. Uongo wako wote nimeshausikia. Kwa mwanamume mwingine ningeanza upya." Tamou alinyoosha mkono. "Na mama yako ni mtu mzuri. Lete funguo."

Akampa. Tamou alivaa kofia ngumu juu ya shela, akampakia Odile nyuma, akatimua vumbi kuelekea kilimani kwa mwendo wa mtu aliyekuwa akijizoeza msimu mzima, wakati wengine wanakula.

Siku hizi biashara ni ya Lalla Tamou. Njia yake haizunguki kilima kimoja. Chakula ni cha Lalla Rkia, nyama ipo, karoti zimerudi kwenye kiasi chake. Posa hakuna tena. Mahjoub anaongoza msafara wa mkewe kwa ujira, na saa ya chai yeye ndiye mmiminaji, birika juu kabisa, povu likisimama.

Wageni hawakosi kumuuliza alivyompata mke. Naye, kwa kuwa Lalla Ghalia huwa ameketi pale anasikiliza, husimulia yote yalivyokuwa: herini, Settat na Ben Gerir, imamu, amin. Haongezi hata neno. Wageni hucheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna anayemwamini.

"Wallahi ni kweli!" Mahjoub hulalamika, karibu alie. "Huyu ni mke wangu kweli! Hizi pikipiki zilikuwa zangu!"

"Anajua kuigiza huyu," hunong'onezana, wakimpigia makofi, na mmoja wao humtilia kitu kiganjani. "Mpe bi harusi."

Tamou huwa amesimama nyuma yake tayari, naye Mahjoub humkabidhi bila kugeuka.