Kiboko Kwenye Mahindi, Nambari Moja Bila Mjadala

Jumatatu, 4 Agosti

Radi anakuja! Radi wa kijiji cha Wema, mpiga gitaa la roki pekee aliyetoka bonde letu, atapiga uwanjani Minjila Jumamosi alasiri. Zakaria, fundi wa pikipiki na mwenyekiti wa kikundi chetu cha mashabiki hapa Garsen, amesema tutampa zawadi: orodha ya nyimbo zake kumi bora, ndani ya fremu. Kura ni Alhamisi. Mwenye orodha itakayoshinda ndiye atakayepanda jukwaani kumkabidhi. Atampa mkono!

Orodha yangu iko tayari miaka saba sasa. Nambari kumi, "Mfereji wa Bura": gitaa safi, lakini analalamika mno. Nambari sita, "Nyuki wa Mwalimu": ulikuwa wa nne, nikaushusha baada ya kuusikia kwenye harusi tatu mfululizo. Nambari mbili, "Mbu wa Minjila". Nambari moja, bila mjadala, "Kiboko Kwenye Mahindi".

Mwaka ule wa mafuriko makubwa tuliishi kwenye mahema. Mama alikaa siku tatu bila kusema neno. Kisha redio ya jirani ikapiga "Kiboko". Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Wimbo kama huo hauwi nambari mbili, hata uniue.

Fartun muuza chai ameweka "Mbu" nambari moja. Namhurumia.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza. Nimebeba spika kubwa kutoka dukani kwangu (nauza dawa za mifugo, spika ni ya kuvutia wateja) nikaiweka kibandani kwa Fartun, eti namsaidia. Nimepiga "Kiboko" mara kumi na moja. Nia: wateja wake wote waupende, Alhamisi wanipigie mimi.

Wimbo una dakika saba, nne zikiwa za gitaa tupu. Wateja waliona aibu kuondoka katikati. Wakaagiza chai ya pili. Wengine ya tatu. Kufikia adhuhuri maziwa ya ngamia yalikuwa yameisha. Fartun amenishukuru kwa moyo wote na kuniuliza kama naweza kurudi kesho. Amenipa mahamri mawili. Yalikuwa matamu, siwezi kudanganya.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa pili, na huu ni wa akili. Nimeenda malishoni Minjila kwa Mjomba Gure. Mjomba ana ng'ombe wengi na ndugu wengi zaidi. Nikamweleza: njooni nyote Garsen kesho, inueni mikono ninapotajwa, kila mmoja ataondoka na chupa ya dawa ya minyoo ya ndama. Akauliza huyo Radi ni wa ukoo gani. Nikasema si Mworma kama sisi, ni Mpokomo wa Wema. Akasema hakuna neno, minyoo haichagui ukoo.

Nimerudi nikiimba. Nimemwambia mke wangu Darmi anipigie pasi shati la bluu la jukwaani. Amesema pasi iko pale pale ilipo siku zote.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa.

Walifika wote, kanzu safi, fimbo mkononi. Walijaza kibanda cha Fartun, tunakopigia kura. Fartun alibadilika rangi. Zakaria akataja jina langu, mikono ikapaa juu kama msitu! Nikaanza kupanga nitamwambia nini Radi.

Kisha Zakaria akanyoosha kidole akaanza: mmoja, wawili, watatu...

Mjomba Gure akashusha mkono wake na kusimama. Akamuuliza Zakaria anahesabu nini. Zakaria akasema watu. Mjomba akasema yeye hata ng'ombe wake hawahesabu. Anawajua kwa rangi na pembe, na akipungua mmoja anaona pengo. Anayehesabu vyenye uhai anaita mkosi. Iweje leo ahesabiwe yeye na nduguze wa damu, tena kwa sababu ya gitaa? Mikono yote ikashuka.

Nikapendekeza kila mtu aweke kijiwe mezani, tuhesabu vijiwe. Mjomba akasema kijiwe cha mtu ni mtu. Wakachukua dawa yao, wakanibariki kwa dua ndefu, wakaenda zao.

Na mimi nilijua! Nikiwa mdogo nilichapwa na mjomba huyu huyu kwa kuhesabu ndama zizini. Mimi, Mworma wa pande zote mbili, nimewaita Waorma waje wahesabiwe!

Fartun, kura tisa. Mimi, moja. Niliipiga mwenyewe. Darmi amempigia Fartun. Anasema "Mbu" ni mfupi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda. Shati la bluu. Nimesimama nyuma kabisa, juu ya pikipiki ya Zakaria. Fartun amepanda na fremu, Radi akampa mkono, wakapigwa picha. Iliniuma sana.

Radi akapiga "Mbu". Akapiga "Nyuki". "Kiboko", kimya. Nikapiga kelele: "Kiboko!" Mara ya tisa akasikia. Akacheka, akasema wimbo huo aliutunga kwa dakika kumi akingoja pancha izibwe, kujaza nafasi tu, na maneno yake ameshayasahau.

Ameyasahau!

Nikamtajia mstari wa kwanza kwa sauti yangu yote. Akauimba. Nikamtajia wa pili. Akauimba. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, mimi juu ya pikipiki, yeye jukwaani, uwanja mzima ukicheka mahali pale pale alipocheka mama. Machozi yalinitoka, nasema wazi. Mwishoni akasema asante mzee. Nina miaka thelathini na nne, lakini nimesamehe.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka na furaha. Sauti imekauka kabisa, kwa hiyo nimekaa kibandani kwa Fartun na kuandika. Ameniletea chai bila kuombwa. Nimemwandikia Radi barua ya kurasa sita. Nimemweleza kwa upole kwamba amekosea kuhusu "Kiboko", nikampangia nyimbo zake zote upya, na kumwonyesha zipi aache kuziimba. Ana kipaji yule. Akinisikiliza, atafika mbali.