Sumaku Isiyonasa

Ijumaa moja ya manyunyu, katika mji wa Bilston, Lionel Pugh aliona pua ya kigari ikichungulia kutoka gereji iliyoachwa wazi, akakanyaga breki ghafla hata mpanda baiskeli aliyemfuata akamtajia mama yake kwa sauti.

Ilikuwa Mini ya toleo la kwanza kabisa: bawaba za milango nje, vioo vya kusukuma kando, na rangi ya samli iliyong'aa kama sahani ya harusi. Mtu mwingine angaliona gari la bibi kizee. Pugh aliona paa jipya la nyumba yake, na chenji juu.

Tumtendee haki: Pugh hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu pasipo ridhaa ya mwenyewe, ilhali Pugh alihakikisha daima kwamba mwenyewe anakitoa kwa shukrani. Chombo chake cha kazi kilikuwa sumaku. Au tuseme, kipande cha madini ya risasi alichokipinda kama kwato na kukipaka rangi nyekundu. Sumaku ya kweli hunasa bati na kukataa puti, ule uji mzito wa kuzibia matundu ya kutu. Ya Pugh ilikataa vyote, bila upendeleo.

Mwenye gari, Bi Enid Tranter, mjane wa miaka sabini na kitu, alitoka akipangusa mikono kwa aproni.

"Mama, pole sana," Pugh alianza, kofia mkononi.

"Pole ya nini? Nani kafa?"

"Gari, mama. Nimeliona tangu barabarani. Hebu tazama mwenyewe." Akaweka sumaku mlangoni, ikaanguka. Akaiweka kwenye bawa la mbele, juu ya gurudumu, ikaanguka. Kwenye paa iliteleza na kulia sakafuni. "Umeona? Bati limeliwa na kutu likaisha. Hii yote ni puti na rangi. Ukipiga chafya utabaki umekalia usukani."

"Jamani! Yote?"

"Yote, mama. Mimi siwezi kumdanganya mtu mzima."

Bi Tranter alikaa juu ya ndoo, akajifuta macho. Pugh hakuchungulia uvungu wala hakugonga bodi kwa kidole, kwa kuwa kanuni ya kazi yake ilikuwa moja: anayechungulia uvungu amekwisha kujitangaza kuwa anataka.

"Basi nilipeleke kwa wauza vyuma?"

"Wakuchukulie bure na kukucheka juu? Nitakuondolea mimi, nikupe na kitu cha soda."

"Aa, fedha sitaki. Marehemu aliniusia: Enid, gari hili usiliuze; badilishana tu." Akainua shingo kuelekea gari la Pugh. "Lile dude la nyuma ni nini?"

Moyo wa Pugh ulishtuka. Lile dude lilikuwa injini ya Mini. Aliijenga jikoni kwake kwa majira mawili ya baridi: alipanua silinda, akasugua vali kwa mkono, akaifungia kabureta mbili mahali pa moja, kisha akakaa kuisikiliza kama watu wengine wasikilizavyo kinanda cha kanisani. Katika umri wake wote, ndicho kitu pekee alichokifanya pasipo kumlaghai mtu.

"Hiyo? Injini kuukuu tu, mama."

"Nitaiweka sebuleni, nipandie maua. Ama hivyo, ama nikae na puti yangu."

Pugh akaitazama injini, kisha akaitazama rangi ya samli. Tamaa haina mshauri.

"Haya, mama. Kwa ajili ya marehemu."

"Mungu akubariki. Niandikie basi ulivyonieleza, mwanangu; akili zangu zinasahau."

Pugh akaandika kwa mwandiko wa kupendeza kwamba amelipima gari kwa sumaku mahali pote, akalikuta ni puti tupu, na analichukua hivyo hivyo kwa hiari yake. Akatia sahihi yenye mikia miwili.

Kesho yake, uani kwake, aliweka jeki chini ya gari akaanza kupiga. Jeki ikapanda, gari likabaki chini. Mkono wa jeki ukatokeza sakafuni mwa gari, ukapita kwenye kiti. Pugh alikimbilia ndani akaleta sumaku ya kweli. Mlangoni ikaanguka. Kwenye bawa ikaanguka. Paani ikateleza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amesema kweli, na hakuna aliyemwonya.

Aibu ilimzuia wiki tatu. Alipofika kwa Bi Tranter, alisikia mngurumo nyuma ya nyumba. Nywele zikamsimama, maana aliujua. Bandani palikuwa na Mini nyingine, ya kijani, iliyochomelewa upya kila kiungo na kutiwa breki za diski mbele. Bibi alikuwa ndani yake, miwani ya fundi kipajini.

"Umenitapeli, bibi!"

"Mimi? Nani alipima? Nani aliapa? Karatasi yako nimeitundika ukutani, yenye mikia."

"Rangi ile nani aliipiga?"

"Miaka ishirini na miwili nilikuwa mpiga rangi kiwandani. Puti mbaya usiiache uchi, mwanangu."

Pugh alifungua kinywa atukane. Wakati uo huo injini ikakohoa. Akafumba kinywa. Ikakohoa tena.

"Kabureta ya kushoto inapumua zaidi kuliko ya kulia," alisema bila kutaka.

"Nimehangaika nayo tangu Jumanne. Bisibisi iko hapo."

"Siigusi! Thubutu!"

Ikakohoa mara ya tatu, kikohozi cha mgonjwa. Pugh akavua koti, akainama, akasogeza sikio, akageuza skrubu robo, kisha nusu ya robo. Mngurumo ukatulia, mnene na sawa. Akafunga boneti kwa viganja viwili, polepole.

"Usiikanyagie mafuta ikiwa baridi," alisema. "Na oili ibadilishwe mapema."

"Nimesikia, fundi," alijibu Bi Tranter. Ndivyo alivyomwita, na hapakuwa na kejeli ndani yake. Kisha akatia gia, akaenda zake sokoni kununua samaki.