Kinyozi Avunja Tofali

Jumatatu, 1 Machi 1976
Wateja wangu wote wako kwa Mwenze, kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Ati anawafundisha judo wakisubiri zamu. Judo! Nami nimetangaza karate: kupiga kwa mkono wazi, bila ngumi. Nimesema Mjapani wa mgodini Musoshi ndiye aliyenifundisha. Si uongo mtupu. Nilimnyoa mara moja.

Jumatano, 3 Machi
Wanafunzi wanne! Nimewaonyesha manchette, pigo la ukingo wa kiganja. Kisha pigo la kitako cha kiganja, kwenye mlango. Mama Alima, muuza vitumbua, akauliza mbona nalia. Sabuni, nikamjibu. Mwenze naye akaja kwa heshima zake zote, akaomba anione nikivunja tofali. Nikasema Jumapili, mbele ya mtaa mzima. Mdomo huu!

Ijumaa, 5 Machi
Nimemwendea Amadi, mchoma matofali, kumwomba tofali bichi, lisiloonja moto. Amecheka mpaka akaketi chini. Nimelipaka rangi nyekundu. Linapendeza kuliko lililochomwa!

Jumapili, 7 Machi
Watu mpaka barabarani. Nikainua mkono. Mwenze akajipenyeza, akaomba ajaribu yeye kwanza. Watu wakashangilia, ningekataaje? Akapiga. Paa! Vipande viwili. Wakambeba mabegani. Kisha wakanigeukia, wakiniita mwananchi: "Na weye, citoyen? Piga, tuone!" Mtu akaleta tofali jingine, alilong'oa sijui ukuta wa nani. Limechomwa likaiva. Ningeweza kusema tumbo linauma. Nikapiga. Tofali likabaki zima. Mimi, hapana.

Jumatatu, 8 Machi
Vidole viwili vimevunjika. Mkasi sishiki. Naandika kwa mkono wa kushoto. Asubuhi Mwenze amekuja mwenyewe, amewanyoa wateja wangu kwenye kiti changu, asitake chochote. Aibu ikanishika. Nikafungua kinywa nimweleze habari ya tofali lile. Akaniwahi, akaniita kaka mkubwa: "Yaya, sikujuaka niko na nguvu ya hivi. Unifundishe."

Nikafunga kinywa.

Jioni nimefika mtaa wa Karavia, kwa mwenye baa moja. Tumeelewana juu ya onyesho. Jumamosi Mwenze atavunja matofali matatu kwa manchette moja. Mwalimu wake na meneja wake: mimi! Amadi anasema bichi limebaki moja tu.

Si kitu. Tutaliweka juu.