Homa Iliyopitia Pengo la Uzio

4 Machi, Jumatatu
Nakufa. Naandika haya, ukweli usije ukazikwa nami. Kichwa kinagonga, viungo vinauma, homa haishuki tangu juzi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anasema nile kwanza ndipo nife.

Nakiri. Kwa muda mrefu nimekuwa nikimrubuni mbwa wa jirani, Fundi Cherehani. Watu wakishatoka kwenda kazini, mbwa anapenya pengo la uzio, nami nampa maini ninayopikiwa. Mkwe anadhani yananiongezea damu. Fundi anamwita Simba. Mimi namwita Karani, kwa jinsi anavyokaa mlangoni akimtazama kila mtu kama aliyechelewa. Tangu mke wangu afariki, ndiye pekee anayenisikiliza mchana kutwa. Simtaji ng'o. Wakijua, pengo litazibwa.

5 Machi, Jumanne
Zahanati. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari, binti wa miwani, akauliza kama nimekaa karibu na mifugo, mbwa au majani marefu. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, naishi na redio. Upele? Kidonda? Nikasema ngozi yangu ni ya mtoto mchanga. Akataka nivue soksi. Nikasema miguu inaona baridi. Mkwe akanitupia jicho la pembeni. Tumepewa panadoli na amri ya kurudi homa isiposhuka.

Nimewashinda wote wawili. Nimetapika garini.

6 Machi, Jumatano
Tezi za kinena zimevimba. Nachechemea. Fundi Cherehani amekuja kunijulia hali, akalalamika kwamba mbwa wake siku hizi anachagua chakula kama bwana harusi ukweni. Nikasema pengine mapishi ndiyo mabaya. Akasema, Mwalimu, mwili wote umelala, ulimi tu ndio uko macho.

Karani alikuwa chini ya kitanda. Alipoisikia sauti ya bwana wake, mkia ukaanza kugonga mbao. Nikakohoa mpaka Fundi akaaga.

7 Machi, Alhamisi
Nimeweweseka. Mkwe amenivua soksi mwenyewe. Kifundoni kuna kigaga cheusi, kama nimechomwa sigara. Vipele hadi viganjani. Akaketi kitandani akalia. Akasema, Baba, ukitaka kufa, kufa, lakini si kwa kuficha kitu.

Nikasema yote. Maini. Pengo. Na jinsi ninavyomchana Karani juu ya blanketi langu, nikimtoa kupe kwa kucha, ili manyoya yasionekane sakafuni. Kisha najifunika blanketi hilohilo. Akauliza kama kweli niliwahi kufundisha watoto wa watu.

Zahanati tena. Ni homa ya kupe: bakteria humwingia mtu kupe anapomnyonya damu. Wamenitoa damu ya kupima, lakini dalili za ugonjwa huu hukawia kuonekana kwenye kipimo, na daktari hataki kungoja. Dawa ya doksisaiklini inaanza leo, na niimalize hata nikijisikia nafuu. Kupe hutolewa kwa kibano, ashikwe karibu na ngozi, avutwe taratibu. Akaongeza kwamba ningesema Jumanne, ningekuwa nimeshapata nafuu. Nikavaa soksi zangu.

9 Machi, Jumamosi
Homa imeshuka. Nimesikia nyundo uani, nikageukia ukutani. Pengo limekwisha.

Kisha Fundi akaingia na Karani mwenyewe, ameogeshwa dawa ya kupe, ananuka famasi. Akasema tangu juzi, mkwe alipomweleza yote naye akamfunga kamba, mbwa analia uziani mpaka wateja wanakimbia. Basi akae na mgonjwa. Mgonjwa akipona, mbwa arudi kwao. Nikamshukuru Fundi. Nilimaanisha, nikashangaa.

11 Machi, Jumatatu
Nimepona. Balaa gani hili. Fundi anakuja jioni kumchukua.

Nimelifikiria jambo hili kisomi. Mkwe alipotoka kuanua nguo, nimetumbukiza kipimajoto kwenye chai. Amerudi, amekisoma: arobaini na mbili. Akanitazama. Akatazama kikombe. Akasema mtu wa joto hilo hawezi hata kuzungumza.

Nimenyamaza.